Ile Tano ya Fundi Pembe

Kila neno humu ni kweli tupu, naapa kwa macho yangu yote mawili, hata hili la kushoto ambalo siku hizi linaona nusu. Sijaongeza chumvi. Atakayebisha aje nyumbani nimwonyeshe kitanda, ndipo atanyamaza.

Palikuwa na seremala mmoja ambaye watu walimwita Fundi Pembe, kwa kuwa pembe za vitanda vyake hazikuwahi kuachia. Hakupiga msumari mahali ambapo mbao mbili zingeweza kushikana zenyewe. Ukikitingisha kitanda chake, unatikisika wewe. Kila kitanda alikiandika namba kwa penseli upande wa ndani wa ubao wa ubavuni, mahali ambapo hakuna atakayeona mpaka godoro litolewe, halafu mkewe akaandika namba hiyohiyo kwenye daftari pamoja na jina la mteja. Daftari lilikuwa la mke. Hesabu zilikuwa za mume, maana alijivunia kupiga hesabu za kichwa.

Na hesabu yake ilikuwa moja tu, aliyorithi kwa fundi aliyemfundisha kazi: jumlisha gharama, tia robo juu, uza. Mbao, gundi, msasa, vanishi na ujira wa mafundi wawili wa kuajiriwa, jumla elfu themanini. Robo ya themanini ni ishirini. Bei laki moja. Mikono yake mwenyewe hakuiandika popote. Hiyo ilikula katika ile ishirini, yeye na mkewe pamoja na kodi ya uwanja. Kichwani mwake ile robo iliitwa asilimia ishirini na tano, na ilikaa humo kwa jina hilo miaka kumi na moja bila kumdhuru hata siku moja.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa kupanga. Banda la mabati, meza ya kazi iliyochakaa katikati kama mgongo wa punda, msumeno wa umeme uliolia mpaka mtaa wa pili, na nguzo moja nene aliyoegemea akinywa chai. Vitanda sita kwa mwezi, saba mwezi ukiwa mzuri. Hakuwa tajiri, wala hakuwa na shida. Angeendelea hivyo mpaka meno yamwishe.

Siku moja mwenye uwanja akaja, akakaa juu ya rundo la mbao bila kupangusa vumbi.

"Fundi, nauza hapa."

"Unauza, mzee? Na mimi je?"

"Ndiyo maana nimeanza na wewe. Niletee laki sita za kuanzia ndani ya miezi saba, tuandikiane, zilizobaki utanilipa taratibu. Usipoleta, kuna bwana anataka kuoshea magari hapa."

Fundi Pembe hakulala vizuri wiki nzima. Laki sita hakuwahi kuzishika kwa pamoja. Na uwanja ule ndiyo kazi, ndiyo wateja wanaoijua njia, ndiyo kila kitu. Seremala asiye na mahali pa kuweka meza ni mtu mwenye nyundo tu.

Ndipo akatokea Sumaku. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mke wa Fundi Pembe, ametoka kustaafu baada ya miaka thelathini ya kutembeza sabuni za kampuni nyumba kwa nyumba. Walimwita Sumaku kwa sababu pesa ya mtu ilikuwa ikimfuata yenyewe. Alistaafu miguu, mdomo ukakataa. Akaja karakanani kusalimia, akavikuta vitanda viwili vimeegemezwa ukutani.

"Shemeji, hivi vinamsubiri nani?"

"Mteja."

"Anajua kama anasubiriwa?"

Fundi Pembe akacheka, akamweleza habari ya uwanja. Sumaku akatoa kitambaa, akapangusa kiti na kukaa kama mtu aliyefika kwake.

"Sikiliza. Wewe una mikono, mimi nina mdomo. Wewe piga randa, mimi niuze. Kila kitanda nipe ishirini katika mia. Mtu baki ningemtoza thelathini, lakini wewe unakaa na dada yangu, hiyo peke yake ni kazi."

"Nimekusikia, kaka!" alipaza sauti mke wa fundi kutoka nyuma ya banda.

"Nakusifu, dada, nakusifu."

Fundi Pembe akatazama juu, mahali anapofanyia hesabu zake. Ishirini na tano, toa ishirini. Inabaki tano. Elfu tano kila kitanda. Vitanda mia na ishirini, laki sita kamili. Ile hesabu ikakaa mahali pake bila mwanya, kama pembe ya kitanda, na machozi yakataka kumtoka. Akachukua penseli sikioni akaandika kwenye ile nguzo, kubwa, mtu aione kutoka getini: 5.

"Tano inabaki," alimwambia mkewe.

"Na sisi tutakula nini?"

"Tutakula kwenye mzunguko. Pesa itakuwa inapita hapa kila siku, mke wangu. Utaichoka."

Sasa kuhusu Sumaku kuuza, hapo mtu atanishuku, lakini niliapa. Alimuuzia kitanda fundi cherehani aliyekuwa akilala juu ya meza ya kukatia nguo. Alimuuzia kapera kitanda cha watu wawili kwa kumuuliza swali moja tu: "Huyo utakayemwoa, utamwambia asimame?" Alimuuzia mlinzi ambaye miaka tisa alikuwa halali kabisa, anasinzia wima akiegemea geti, na siku kitanda kilipofika yule mlinzi alilala siku nne mfululizo, mwajiri akadhani amekufa. Alimuuzia mwenye uwanja mwenyewe, vitanda viwili, na mwenye uwanja akalipa kwa noti zilezile za kodi alizopewa asubuhi na Fundi Pembe.

Utaratibu ulikuwa huu: mteja akiagiza anatoa nusu, elfu hamsini. Sumaku anachukua yake palepale, ishirini. "Kamisheni hailazwi," alikuwa akisema, "ikilala inaamka imepungua." Thelathini inabaki mkononi mwa fundi, nayo inakimbilia kwa muuza mbao, ambaye alikuwa akimkopesha kwa sababu miaka yote hakuwahi kumsumbua. Mkokoteni wa kupeleka kitanda kwa mteja ulikuwa elfu mbili. Zamani wateja wa fundi walikuja wenyewe na wakabeba wenyewe. Wateja wa Sumaku walikuwa wameahidiwa kuletewa hadi mlangoni. Kila kitanda kilipotoka, Fundi Pembe alichora kistari kimoja kwenye nguzo chini ya ile tano, na namba za vitanda akazianza upya kutoka moja.

Hakuwahi kushika pesa nyingi namna ile. Zilikuja asubuhi, zikaondoka mchana, jioni zikaja nyingine. Mkewe alimuuliza mara mbili tatu ile akiba iko wapi, naye akaonyesha rundo la mbao. "Ziko humo. Zimegeuka mbao kwa muda." Na ilionekana ni kweli, kwa kuwa rundo lilikuwa kubwa. Alikuwa akiamka kabla ya jogoo wa jirani. Viganja vikapasuka, vikapona, vikapasuka palepale. Alikuwa akikohoa vumbi la mbao hata akiwa mezani anakula. Lakini alipopita kwenye nguzo alitabasamu.

Mwezi wa tano ulipoisha, vistari vilikuwa themanini na sita, na daftarini kulikuwa na oda thelathini na nne nyingine, zote nusu imeshalipwa isipokuwa moja. Jumla mia na ishirini. Fundi Pembe alimwita mkewe wakasimama mbele ya nguzo wakiitazama kama watu wanaotazama nyumba yao.

Siku hiyohiyo muuza mbao alikuja na karatasi.

"Fundi, tusameheane. Mbao za mwezi huu utalipa taslimu. Na hili deni ulipunguze."

"Deni gani? Si nakulipa kila wiki?"

"Unanilipa ya wiki iliyopita. Ya wiki hii unaichukua. Sasa imekuwa ndefu."

Fundi Pembe aliingia ndani ya banda. Akafungua kopo anamoweka pesa. Elfu kumi na tisa. Vitanda mia na ishirini vimeagizwa, na kopo lina elfu kumi na tisa.

Mkewe alisogea mezani. Alichukua misumari kumi kutoka kwenye boksi ambalo mumewe hakulitumia sana, akaipanga juu ya meza ya kazi.

"Kila msumari elfu kumi. Hiki ni kitanda kimoja, laki moja. Haya, gharama."

"Minane."

Akaisogeza minane upande mmoja. "Na hii miwili ndiyo robo yako."

"Ndiyo. Ishirini na tano."

"Ishirini na tano ya nini?"

"Ya... ya gharama. Robo ya themanini."

"Sawa. Kaka anachukua ishirini katika mia. Mia ya nini?"

Ndipo Fundi Pembe akaona. Sumaku hakuwa akichukua ishirini katika mia ya gharama. Alikuwa akichukua katika bei. Mkewe akaichukua ile misumari miwili, akaitia mfukoni mwa gauni.

"Kaka huyo kaenda. Hii minane ni ya mbao na mafundi. Tano iko wapi?"

Seremala yule, mtu mzima mwenye mvi, aliinama akatazama chini ya meza. Naapa tena. Alipiga magoti kwenye maranda akapapasa, kama vile ile tano ilidondoka na mtu akaikanyaga.

"Inuka, baba," mkewe akasema, sauti imelegea. "Haikuwahi kuwepo."

"Haikuwahi?"

"Na mkokoteni je? Elfu mbili za mkokoteni umetoa wapi? Kila ulipochora kistari ulikuwa umepoteza mbili. Na tumekula miezi mitano. Tumekula mbao, mume wangu."

Alibaki amekaa chini. Alisema jambo moja tu, na hakumwambia yeyote, aliiambia ile nguzo: "Nilipouza sita kwa mwezi nilikuwa nakula. Nimeuza mia, nina njaa."

Kesho yake alimwendea Sumaku, akamkuta kibarazani anakata kucha. Akamweleza yote, na misumari akaenda nayo. Sumaku aliitazama ile misumari muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Shemeji, mimi naujua mdomo. Hesabu zilikuwa zako."

"Sikulaumu. Nataka tupunguze. Hata kumi."

"Tupunguze nini? Oda zote nimeshachukua changu. Na imeshapita, kama hiyo yako ilivyopita." Kisha akaangaza uso. "Tupandishe bei! Nitauza kwa laki na ishirini, wewe utaona."

"Hizi thelathini na nne wameshalipa nusu kwa bei ya zamani. Na sina mbao ya kitanda cha mia na ishirini na moja."

"Basi waambie waongeze."

"Tulikubaliana nao," alisema Fundi Pembe, akaondoka.

Na hapo ndipo mtu unapotaka kumshika bega umwambie funga banda, kimbia. Hakukimbia. Aliwaachisha kazi wale mafundi wawili, mmoja akalia. Aliuza msumeno wa umeme, akanunua mbao, akakata kwa mkono. Mtaa wa pili wakaushangaa ukimya. Vitanda thelathini na nne, kimoja baada ya kingine, huku akijua kabisa kwamba kila anachokimaliza kinamzamisha zaidi. Kujua huko ndiko kulikomzeesha. Miezi mitano alichoka kama mtu anayejenga. Miezi miwili hii alichoka kama mtu anayechimba, na shimo ni lake. Lakini pembe hazikuachia hata moja. Mkewe alimwambia atumie misumari, angalau awahi. Alimwangalia kana kwamba ametukanwa.

Kitanda cha mwisho, namba mia na ishirini, kilikuwa cha yule mteja ambaye hakulipa hata nusu. Sumaku alisema ni mtu wa mbali, mwaminifu, atalipa yote kwa mkupuo, na kamisheni yake ya kitanda hicho alikuwa ameshaipata zamani, alikatiwa kwenye malipo ya mteja mwingine. Sumaku akakijia mwenyewe na mkokoteni. Daftarini, palipopaswa kuandikwa jina, mke wa fundi akaandika: wa safari.

Siku ya mwisho ya mwezi wa saba mwenye uwanja alikuja. Fundi Pembe alikuwa amevaa shati la kutokea, sijui kwa nini.

"Haya, Fundi. Lete habari."

"Nina elfu arobaini na moja, mzee."

Mwenye uwanja alidhani ni utani. "Wewe? Mtaa mzima unalala juu ya mbao zako. Mimi mwenyewe nimenunua viwili! Pesa imeenda wapi?"

"Ilikuwa inapita."

"Inapita kwenda wapi?"

Fundi Pembe akaionyesha ile nguzo yenye vistari. Mzee wa watu hakuwa mbaya. Alimpa siku tatu za kuhama badala ya moja. Nguzo ilikatwa siku ya nne, na vistari vyake vyote mia na ishirini, kwa sababu gari kubwa halikuweza kupita.

Muuza mbao alikuwa bado anadai elfu tisini. Hakukuwa na kitu cha kuuza isipokuwa sanduku la vyombo: randa tatu, patasi za saizi zote, kipimo cha pembe cha shaba alichoachiwa na fundi aliyemfundisha. Fundi Pembe alikwenda kwa Sumaku mara nne.

"Shemeji, yule wa safari. Laki yake ingeniokolea sanduku."

"Bado hajarudi."

"Hata nusu."

"Akirudi tu, wewe ndiye wa kwanza."

Hakurudi. Sanduku likaenda. Siku hizi Fundi Pembe ameajiriwa kwenye kiwanda cha masanduku ya kupakia nyanya. Anapiga misumari, minane kwa kila pembe, kutwa nzima. Masanduku yale hayatakiwi kudumu.

Nilifika hapo, nikaweka kalamu chini, nikaridhika. Ilikuwa Jumapili mchana na wageni wangu walikuwa wamefika: dada yangu na mumewe. Ndiyo. Sumaku ni mimi. Nilikwenda kuchemsha chai, na niliporudi nikamkuta dada amesimama katikati ya chumba anasoma karatasi zangu, miwani imeshuka puani. Mumewe alikuwa amekaa juu ya kigoda.

"Kaka, mlinzi hakununua kitanda."

"Chumvi kidogo hiyo."

"Umeapa kila neno. Majina yote niliandika mimi, hakuna mlinzi. Kapera yupo. Mwenye uwanja yupo." Akageuza karatasi. "Na huyu wa safari je? Miaka mitatu sasa. Karudi?"

Nikamimina chai. Nikaketi na kikombe changu.

"Umeandika hapo mwanzo atakayebisha umwonyeshe kitanda," dada akasema. "Mimi nabisha."

Nilikuwa nimekaa juu yake. Hakuniambia niinuke, alinitazama tu, nikainuka. Akalisukuma godoro pembeni kwa mkono mmoja. Upande wa ndani wa ubao wa ubavuni, kwa penseli ya seremala, iliandikwa 120.

Nilingoja anitukane. Dada hakutukana, alikaa sakafuni akafunika uso kwa karatasi zangu. Shemeji alisogea, akapitisha kiganja kwenye pembe ya kitanda, ile ya kichwani, akaitingisha mara moja.

"Haijaachia," akasema. Basi.

Nikafungua kabati, nikatoa pesa za kiinua mgongo zilizobaki, nikahesabu juu ya godoro. Laki moja ya kitanda. Kisha ishirini, kamisheni niliyojilipa kwa kujiuzia mwenyewe. Noti za elfu kumi zikaniishia kumi na moja, ya kumi na mbili nikaitimiza kwa noti mbili za elfu tano.

Shemeji alizipanga mafungu mawili. Laki ya kitanda huku. Ishirini akazisukuma kwangu.

"Za kamisheni."

"Shemeji, hapana."

"Tulikubaliana."

Nikazirudisha. Akazisukuma tena. Nikazirudisha nikazishikilia hapohapo kwa mikono miwili, mpaka dada akainuka sakafuni, akazikusanya zote na kuzifunga kwenye ncha ya kitambaa chake.

"Sanduku la vyombo," nikasema, "tukalikomboe. Nitaongeza."

"Muuza mbao aliliuza mwaka uleule," dada akajibu. "Kimoja kimoja."

Zote alizikusanya isipokuwa moja. Shemeji alikuwa ameishika noti moja ya elfu tano kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaikunja mara mbili, na kuitia peke yake katika mfuko wa shati.